Kikombe cha Tano

Mama alimimina chai katika vikombe vitano, akafunga chupa, ndipo akakumbuka kwamba wao walikuwa wanne.

Alibaki akivitazama pale juu ya gogo, vimepangwa safu moja, vyote vinatoa mvuke. Hakuwa mtu wa kusahausahau. Alikuwa fundi cherehani, na fundi anayekosea hesabu humlipa mteja kitambaa chake. Hata hivyo mkono wake ulikuwa umemimina mara tano bila kusita, na akili haikuulizwa.

"Cha nani hicho?" aliuliza binti yake mkubwa, ambaye kwa ubishi wake nyumbani walimwita Mwanasheria.

"Cha mgeni," Baba akadakia. "Mgeni njoo, mwenyeji apone."

Akacheka mwenyewe. Baba alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, na utani wake ulikuwa wa aina ile inayochekwa na wanafunzi wanaosubiri matokeo. Hapo gogoni hakukuwa na mwanafunzi, kwa hiyo hakuna aliyemsaidia kucheka. Mama alichukua kikombe chake, akanywa, lakini jicho lake likabaki kwenye kile cha tano. Kulikuwa na jambo lililokuwa likimkera tangu asubuhi, na sasa lilianza kumrudia kidogo kidogo.

Kwanza alikuwa yule mlinzi wa langoni.

Walifika kwenye msitu wa hifadhi saa tatu, jua limeshachangamka, na mlinzi alikuwa amevaa koti la mvua. Aliandika kwenye daftari lake, "Wanne," akawapa tiketi, na nyuma ya tiketi akaandika namba yake ya simu. "Mkipotea mnipigie," alisema. "Na humo ndani mchunge midomo." Mama alidhani anakataza kelele, au kutafuna majani asiyoyajua mtu. Mdogo wao, aliyeitwa Chiriku kwa sababu mdomo wake haukujua mapumziko, alikuwa ameshapata kazi nyingine. Alikuwa na miaka saba na mwaka huo ndio alikuwa amejua kusoma, basi alisoma kila kitu kwa sauti: pakiti ya sabuni, mgongo wa basi, lebo ya shati la babu akiwa amelivaa. Pembeni ya kibanda cha mlinzi aliona bao jipya la tangazo, kubwa, limeegemezwa na uso wake umegeuziwa ukutani.

"Limeandikwa nini?" aliuliza.

"Maneno ya adabu tu," mlinzi akajibu. "Ofisi imelileta jana, wanataka nilisimamishe hapa langoni. Lina neno ambalo silitaki karibu na..." Akajiuma ulimi. Akatazama miti, kisha akawatazama wao. "Nendeni. Saa kumi na moja nafunga."

Mama alimwona mtu wa ajabu, akampita.

Halafu ikawa ile sauti. Mwendo wa nusu saa ndani ya msitu, njia ilibanwa na miti miwili iliyoinamiana, ikabidi wapite mmoja mmoja. Baba alitangulia na Chiriku, aliyeshika mkanda wa begi lake. Mama alifuata, na Mwanasheria akawa nyuma kabisa, akiburuta miguu. Baba alikuwa amepeleka watoto wa watu matembezini miaka kumi na tano, na kila msafara wake ulipoanza kurefuka alikuwa na ukelele mmoja.

"Karibu-karibu!" aliita bila hata kugeuka. "Msiachane!"

"Nimekaribia," sauti ikajibu kutoka nyuma.

Ilikuwa nyembamba na ya adabu mno. Mama alimgeukia Mwanasheria, akamkuta ana biskuti mbili mdomoni. Mdomo uliojaa vile haungeweza kutamka neno safi namna ile.

"Wewe ndiye uliyejibu?"

Mwanasheria akameza. "Mimi? Sijasema kitu. Ushahidi uko wapi?"

"Basi nani?"

"Nilidhani Chiriku."

Lakini Chiriku alikuwa mbele, anahesabu mistari kwenye begi la baba yake. Hapo Mama alinusa harufu aliyoijua kuliko marashi yoyote, harufu ya kitambaa kilichosahauliwa chini ya pasi ya moto. Alinusa mkono wa gauni lake, akanusa mtandio wake. Hakuna kilichoungua. Akajiambia kwamba kazi imemwingia puani, wakaendelea.

Hayo ndiyo aliyokuwa akiyawaza pale gogoni. Alipoinua macho, kikombe cha tano kilikuwa kitupu.

"Nani kakinywa?" aliuliza.

"Kipi?" Baba akasema.

"Cha tano. Kilikuwa kimejaa."

Wakatazamana. Baba alikuwa bado anapuliza chake, na Chiriku alikuwa hajagusa chake kwa hofu ya kuungua ulimi. Chai ile ilikuwa imetoka chupani muda huo huo. Ilikuwa bado ya moto, si ya kugugumia kwa mkupuo. Mama akamkazia macho Mwanasheria.

"Mama, usinitazame hivyo. Kila kitu mimi."

"Sijakutaja."

"Umenitazama kwa kunitaja."

Mama alikichukua kikombe, akakigeuza. Hakikuwa na tone wala jani la chai. Ndani kilikuwa kikavu, na kilikuwa na joto la kushinda chai. Akakirudisha upesi. Kama angekuwa peke yake angegeuza njia saa ile ile, lakini mtu mzima huona haya kuogopa kikombe mbele ya watoto.

Chiriku alipomaliza chai yake alivikusanya vikombe, akaenda kuvisuuza kwenye kijito, hatua kumi tu kutoka gogoni, nyuma ya kichaka. Alikuwa akiimba wimbo wa darasani wa herufi. Walimsikia akifika katikati ya herufi, wimbo ukakatika. Kisha akarudi na vikombe vitano, vimepangwa kimoja ndani ya kingine, akampa mama yake bila neno. Mama alikuja kujilaumu sana kwa jambo hili: alikishukuru kile kimya. Alimwambia Baba kwamba leo masikio yao yamepumzika.

Walipoanza tena kutembea, ndipo hatua zikaanza.

Zilikuwa nyuma yao, nyepesi, kwenye majani makavu. Wakitembea zinatembea. Wakisimama nazo zinasimama, ila zilichelewa kidogo, hatua moja zaidi. Mama alimvuta Mwanasheria akamweka mbele yake. Chiriku alitembea katikati, ameunyoosha mgongo, hageuki wala hajikwai.

"Kuna mtu anatufuata," Mama alinong'ona.

"Kibaka," Baba akasema. "Anavizia begi. Usimwonyeshe kwamba umemsikia. Ongezeni mwendo."

Wakaongeza mwendo, na hatua nazo zikaongeza, sasa mbio fupi fupi, kama za mtu anayejitahidi asiachwe. Baba akaokota jiwe. Alikuwa na mkono mzuri; ndiye aliyefundisha michezo pale shuleni. Akageuka ghafla, akalirusha usawa wa magoti pale majani yalipokuwa yakitikisika. Hakukuwa na mtu njiani. Jiwe liligonga kitu, likaanguka. Hatua zikakatika, kisha zikaanza tena, moja nzito na moja nyepesi, zinachechemea, lakini zinakuja.

Mwanasheria alianza kulia bila sauti. Chiriku hakulia. Alikuwa amesimama akiangalia pale jiwe lilipoangukia, na usoni alikuwa na kitabasamu kidogo cha mtu aliyeletewa chakula alichokitaka.

Hapo shaka ya Mama ikahama. Mpaka wakati huo alikuwa akishuku kilicho nyuma.

Walifika kwenye kibao kilichopigiliwa mtini, herufi nyeupe kubwa: NJIA YA KURUDI LANGONI. Chiriku alikipita kama jiwe la kando ya njia. Chiriku, aliyewahi kuchelewa shule kwa sababu ya gazeti lililofungiwa maandazi.

"Mwanangu," Mama akamwita, na sauti yake akaishikilia isitetemeke, "hapo pameandikwa nini?"

Mtoto akakitazama kibao, akamtazama mama yake. "Soma wewe, mama," alisema kwa adabu.

Sauti ilikuwa ya Chiriku. Mama akashusha macho kwenye gauni. Alikuwa amewashonea mabinti wake magauni mapya kwa ajili ya matembezi haya, ya maua ya manjano, na alikuwa amewashonea usiku wa mwisho, maana kinyozi hajinyoi na watoto wa fundi huvaa kilichoshonwa kwa muda uliobaki. Umeme ulikatika akiwa kwenye mifuko ya gauni dogo. Mfuko wa kulia aliumalizia kwa tochi ya simu, ukakaa kombo, upana wa kidole juu ya mwenzake. Asubuhi aliuona, akasema moyoni kwamba atakuja kuufumua.

Mfuko wa kulia ulikuwa umenyooka. Ilikuwa mifuko miwili iliyolingana, kazi safi, kazi ya mtu aliyeona gauni na kulinakili bila kujua kwamba lilikuwa na kosa.

Mama hakupiga kelele. Alimsogelea mumewe akijifanya kutafuta maji begini.

"Mfuko wa Chiriku," alinong'ona.

"Umefanyaje?"

"Umenyooka."

Baba akamtazama. "Mke wangu, unataka kulia kwa sababu umeshona vizuri?"

"Sikushona vizuri. Ndiyo maana nataka kulia."

Baba alikuwa mtu wa utani, lakini hakuwa mjinga, na alikuwa ameishi na vidole vya mke wake miaka kumi na minne. Rangi ilimtoka. Alitaka kugeuka amtazame mtoto, Mama akamfinya mkono asigeuke. Akatoa tiketi, akampigia mlinzi, akaificha simu ndani ya mtandio kana kwamba anajikuna sikio.

"Tuko wanne," alimwambia, "lakini mmoja si wetu."

Mlinzi akashusha sauti. "Mmempa kitu?"

"Chai. Kabla sijajua."

"Na neno? Nani alimwambia lile neno la mlangoni?"

"Neno gani?"

"Silitamki mimi, niko karibu mno na..." Akajishika tena, na safari hii akatoa pumzi ya mtu aliyejikwaa. "Unaona lilivyo jepesi kutoka? Neno unalomwambia mtu akibisha hodi. Wao hawaingii bila kuambiwa. Wakiambiwa, huitika."

Mama aliisikia tena sauti ya mumewe kati ya ile miti miwili. Karibu-karibu. Alikuwa akimaanisha msogeane. Kilichokuwa nyuma ya miti kilikuwa kimelielewa vingine. Na kikaitika kama mgeni mwenye malezi yake.

"Mume wangu," alisema. "Hakukusudia."

"Hakuna anayekusudia. Sikiliza, mama. Kanywa kwenu, kwa hiyo ni mgeni, na mgeni hafukuzwi. Ukimfukuza atakaa kwa ubaya. Mgeni anasindikizwa. Aliyemkaribi... aliyemwita amshike mkono, amrudishe mpaka pale aliposema, amuage. Kwaheri tupu. Ile ya kuongezea mlangoni, ile mnayopenda kumalizia, asiiongeze. Atamtega aiseme."

"Na mtoto wangu?"

"Mgeni akikalia kiti cha mtu, mwenye kiti husimama nyuma yake. Wenu hajaenda mbali. Msimwache."

Simu ikakatika, na Mama akasimama pale njiani akisikiliza majani, hatua moja nzito na moja nyepesi, akaelewa kwamba kwa saa nzima alikuwa akimkimbia mwanawe, na kwamba baba yake alikuwa amemlenga kwa jiwe.

Hakumwambia mumewe hilo. Angeanguka, na alihitajika asimame. Alimwambia yale mengine, kwa maneno machache. Baba akajifuta uso, akakiendea kile kilichovaa gauni la maua ya manjano, akanyoosha mkono.

"Twende, mwanangu," alisema. "Tumesahau kitu kule nyuma."

Kikampa mkono. Wakarudi kwa njia waliyokuja, Baba na kile kitu mbele, Mwanasheria nyuma yao ameshika kiuno cha baba yake, na Mama mwisho, ameuachia mkono wake wa kushoto wazi, kiganja nje, umbali wa bega la mtoto wa miaka saba, maana zile hatua zilikuwa zimempisha, zikageuka, na sasa zilikuwa kando yake, zikichechemea, na ingawa vidole vyake havikugusa kitu alizungumza na ule upande mtupu kwa sauti ya chini njia nzima, akimwambia tembea na mimi, tembea mama, nimekusikia, samahani nimechelewa kukusikia, tukifika nyumbani utanisomea pakiti zote za jikoni, usinyamaze, hata kama sikusikii wewe ongea, huku harufu ya kitambaa kilichoungua ikizidi hata macho yakamtoka machozi, na kule mbele kile kitu kikianza kulalamika kwa sauti ya mwanawe.

"Baba, mbona tunarudi? Nyumbani ni mbele."

Baba akaongeza mwendo.

"Baba, nimechoka. Nimekosa nini?"

Baba alikuwa akilia waziwazi sasa, lakini alitembea. Mkono aliokishikia ulikuwa ukitoka moshi mwembamba kati ya vidole, lakini hakukiachia.

Walipita gogo na kijito. Walifika kwenye miti miwili iliyoinamiana. Baba akasimama pale pale, akauachia ule mkono, akasema kama alivyoagizwa.

"Kwaheri."

Kile kitu hakikuondoka. Kilisimama kati ya miti, mifuko yake imenyooka, kikamtazama kwa macho ya mtoto aliyeonewa.

"Kwaheri tu, baba?"

"Kwaheri."

"Nilikunywa chai yenu. Nimetembea nanyi vizuri. Hamniambii kitu kingine?"

Kwa miaka kumi na tano mwalimu yule alikuwa amewasindikiza wazazi mpaka mlango wa ofisi, wenye hasira na wasio na hasira, na wote alikuwa amewaaga kwa maneno yale yale. Maneno hayo hayakai kichwani. Hukaa kwenye ulimi. Mama aliuona mdomo wake ukifunguka.

"Kwaheri," alisema, "ka..."

Mama alimrukia. Alimbana mdomo kwa viganja viwili, wakaanguka wote chini kwenye majani, naye akabaki amemlalia, amembana, mpaka aliposikia miti miwili ikilia kama kitambaa kinachochanwa, na ile harufu ikapungua. Alipoinua kichwa, kati ya miti palikuwa na njia tu.

"Mnanitania au?" Chiriku alisema.

Alikuwa amesimama upande wake wa kushoto, uso umejaa machozi makavu, ugoko umevimba. Mfuko wa kulia ulikuwa kombo.

"Nimeongea mpaka koo linauma," alisema. "Tangu kwenye kijito. Hakuna anayenijibu, na kuna mtu anatembea mahali pangu. Na baba kanirushia jiwe."

Baba akatambaa kwa magoti, akauweka uso wake kwenye ugoko ule, na Mwanasheria akamkumbatia mdogo wake bila kudai ushahidi.

Langoni walifika saa kumi na nusu. Mama hakuuachia mkono wa Chiriku njia yote, na Chiriku hakuacha kuongea njia yote, na hakuna aliyemwambia apumzike. Mlinzi aliwatazama mmoja mmoja, akautazama mkono wa Baba ulioungua, akafungua daftari.

"Wanne," alisema, safari hii kwa sauti ya kushukuru. "Njoo utie sahihi, mama. Kisha nendeni moja kwa moja nyumbani, na leo mtu akibisha hodi, mfungulieni kimya kimya."

Mama alicheka, na kicheko kikamshangaza. Akauachia mkono wa mwanawe ili ashike kalamu. Baba alikuwa akimshukuru mlinzi, akianza kushukuru, akisahau, akianza upya. Mwanasheria alikuwa amekaa chini. Ulikuwa muda mfupi tu, wa kuandika jina na kuchora mstari chini yake.

Chiriku alikuwa na deni la kusoma la nusu siku. Alijibanza kati ya ukuta wa kibanda na lile bao jipya, na sauti yake ikawafikia kutoka nyuma ya mbao, wazi, yenye furaha, ikisoma silabi moja moja kama alivyofundishwa.

"A-sa-nte-ni. Ka-ri-bu-ni te-na."

Kalamu ilianguka kutoka mkononi mwa Mama. Mlinzi alikuwa ameshafumba macho. Harufu ya pasi ilipita juu ya lango, na kutoka mtini mpaka mtini, sauti nyembamba, nyingi, za adabu, zikaitika kwa pamoja.

"Tumekaribia."